Sauti ya kamio yetu ni ya nani?

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama katika mkutano mkuu, Kamina. Tunayachapisha kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani siku ile, na kwa marafiki wa mbali wanaotusaidia.

Mama zetu, baba zetu, wazee, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha.

Tumeombwa tuseme juu ya bomba la moshi la kamio. Tunaona wengine wanacheka. Kuna maneno ya mbegu, kuna sanduku la wagonjwa, kuna nyumba ambazo bado hazina mabati, na sisi tunaleta maneno ya bomba! Lakini feza inayoombwa ni ya wote, na mkutano uliopita uliishia kwenye ugomvi juu ya kelele hiyo. Wafadhili wetu nao wameuliza: kwa nini feza iende kwenye bomba wakati matairi mawili ya nyuma yamekwisha? Ni swali la haki. Basi tuseme wazi, kisha kila mtu apige kura akijua anapigia nini.

Mawazo matatu

Kwanza hali yenyewe. Kamio ilipofika kwetu ilikuwa imekwisha kuzeeka. Silansie yake, yaani lile pipa la chuma la kule chini ambamo moshi unapita ili kelele ipungue, ilikuwa imeoza kwa kutu, na aliyetuuzia alikuwa ameikata akaweka bomba tupu. Ndiyo maana inalia vile mnavyoijua.

Wengine kati yenu wanasema: iacheni ilie. Hawa ni hasa mama wa vijiji vya njia ya Kabongo na vya njia ya Bukama. Wanaisikia ingali mbali, wanapata wakati wa kutoa magunia ya muhogo na mahindi nyumbani mpaka barabarani. Kamio ikipita kimya, muhogo unabaki, na kuingojea tena ni juma zima. Watu wa kinga wanasema vilevile. Mtu anayesukuma kinga yenye mafuta ya ngazi na makaa katika vumbi la kiangazi haoni nyuma. Anasikia tu.

Wengine wanasema: inyamaze kabisa. Hawa ni wengi wa wale waliorudi na watoto wadogo, na wale wanaokaa karibu na hospitali na masomo.

Wa tatu ni shofere wetu na vijana wa garaji. Wao wanasema: tuweke kifuniko ndani ya bomba, na waya mpaka kwenye kiti cha shofere. Akivuta, sauti inakuwa kubwa. Akiachia, inakuwa ndogo. Kila mtu atafurahi.

Wazo hilo la tatu liko karibu na lile tutakalowaomba mkubali. Karibu tu. Tutaeleza kwa nini.

Sikio halikuambiwa

Tunajua wote kwa nini kelele hii si kelele tu. Katika miaka ya 2000, wakati wa vita vya Mai-Mai, watu wa Malemba-Nkulu, wa Bukama, wa Kabongo walitoka vijijini mwao mara moja, mara mbili, wengine mara tatu. Gari lililounguruma usiku lilikuwa limebeba watu wenye bunduki, wa upande huu au wa upande ule, haikuwa na tofauti. Aliyelisikia mapema alifika porini na watoto wake. Aliyelisikia kwa kuchelewa, mnajua. Masikio ndiyo yaliyookoa watu.

Sasa mmerudi, mmejenga, mnalima. Lakini sikio halikuambiwa kwamba kazi yake ile imekwisha. Sisi tunaozunguka vijijini tumekuta nyumba ambamo kamio ikipita saa nane ya usiku watu wanaamka wote, wanakaa gizani bila kusema, mpaka sauti iishe. Mama mmoja alituambia: «Kichwa inajua ni kamio yetu, lakini miguu ingali inataka kukimbia.» Na mtoto wake, aliyezaliwa nyuma ya vita, anamshika nguo. Yeye hakuona kitu. Anajifunza woga kwa mwili wa mama yake.

Kamio hii ilinunuliwa ili iwasaidie watu kurudi na kubaki. Haifai iwe yenyewe inayowakumbusha kukimbia. Hilo ndilo jibu letu la kwanza kwa wafadhili.

Kelele inatoka wapi

Mota ya mazutu haina cheche ya kuwashia. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikiwa kuiwasha vizuri kule Augsburg mwaka 1897, alitumia hewa yenyewe: unaikandamiza kwa nguvu mpaka inakuwa moto sana, unarusha mazutu ndani, inawaka peke yake. Ndiyo maana mota hizi zina nguvu, na ndiyo maana zinagonga.

Kila silinda ikimaliza kuchoma, mlango wake unafunguka na moshi unaruka nje ukiwa bado na nguvu. Huo ni mlipuko mdogo. Mota ya silinda 6 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika inatoa milipuko 6,000 katika dakika hiyo, maana yake 100 kwa kila sekunde. Katika bomba tupu, yote 100 inatoka nje kama ilivyo.

Silansie inafanya kazi kama kiwanja cha kanisa. Watu wakitoka wote kwa mlango mmoja moja kwa moja barabarani, ni msukumano. Wakipita kwanza kiwanjani, wakazunguka, wakasalimiana, wanatoka mmoja mmoja. Ndani ya pipa mna vyumba na mabomba yenye matundu. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inakutana na ile inayokuja, na zinapunguzana.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Hesabu yake si kama ya magunia. Ikiongezeka 10, sikio linasikia kama imekuwa mara mbili. Na ukienda mara mbili mbali zaidi mahali pa wazi, inapungua kama 6 tu. Kwa hiyo kumwambia mtu ajenge mbali kidogo na barabara ni msaada mdogo kuliko tunavyofikiri.

Wataalamu wa afya ya kazi wanasema mtu asikae saa 8 kwa siku ndani ya kelele inayopita desibeli 85. Ikifika 88, iwe saa 4. Ikifika 91, saa 2. Shofere wetu anaendesha siku nzima bila silansie. Mmeona anavyosema na watu siku hizi: kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Wanaolala wana kipimo chao: mwaka 2018 OMS ilizipendekezea nchi za Ulaya kelele ya magari usiku isipite desibeli 45. Hatusemi Kamina itafika huko kesho. Tunasema usingizi nao unahesabiwa kuwa afya.

Kuna neno tunalosikia garajini: ukitoa silansie, kamio inapata nguvu na inakunywa mazutu kidogo. Ndani yake mna ukweli kidogo. Silansie iliyojaa masizi, au iliyopondwa na jiwe, inamzuia mota kupumua, na hapo mazutu inapotea kweli. Lakini silansie nzima, yenye upana unaofaa mota hiyo, inazuia kidogo sana. Dawa ya pua iliyoziba ni kuizibua. Hakuna anayekata pua.

Kwa nini waya usifike kwenye kiti

Sasa tuje kwa wazo la vijana. Kifuniko ni kitu cha kweli, kinafanya kazi, mafundi wetu wanaweza kukitengeneza. Shida ni mkono unaokishika.

Kwanza, sheria. Mkataba wa Geneva wa 1949 juu ya magari barabarani, ambao nchi yetu imo ndani yake, unataka kila gari liwe na silansie inayofanya kazi siku zote, na shofere asiweze kuizima akiwa njiani. Walioandika maneno hayo walimjua shofere. Waya ukifika kwenye kiti, siku moja polisi atauona, na atakayelipa ni sanduku lenu.

Pili, mtu ni mtu. Shofere wetu ni mtu mzuri, tunamheshimu, na tulimwambia haya uso kwa uso kabla ya kuyasema hapa. Lakini kesho kutakuwa na shofere mwingine. Atapita sokoni, atawaona wasichana, atavuta. Atapita mahali pa kilio usiku, atakuwa na haraka, atasahau kuachia.

Wazee wetu wa Kiluba walikuwa na kyondo, ngoma ya mti ya kupeleka habari. Haikupigwa na kila mtu, wala kila saa, kwa sababu kijiji kizima kiliacha kazi na kusikiliza. Treni nayo imepita Kamina tangu njia ya kwenda Ilebo ilipofunguliwa mwaka 1928, na mwaka 1956 ikaongezeka njia ya Kabalo. Mwendeshaji wa treni ana mahali pake pa kupiga filimbi, pamewekwa, hachagui yeye. Sauti inayofika kwa watu wengi ina kanuni ya watu wengi. Hivyo tu tunaomba kwa kamio.

Mama wa muhogo wasifikiri tumewasahau. Wana haki, na dunia nzima imeanza kuwapa haki. Ulaya sasa kuna magari ya umeme yasiyo na kelele, na wakaona ni hatari kwa vipofu na kwa watoto. Basi tangu 2019 aina mpya za magari hayo zinalazimishwa kutoa sauti ya kutengenezwa zikienda polepole, mpaka kilomita 20 kwa saa. Watu wenye magari ya kimya wanayaongezea sauti! Kwa hiyo hatutafuti kamio bubu. Tunatafuta sauti inayofaa mahali ilipo.

Kazi yenyewe

Tulikaa na fundi wa garaji na fundi wa kuunga vyuma, tukachora chini kwa kijiti. Hivi ndivyo ilivyo.

Silansie kubwa inarudi mahali pake. Hiyo haina kifuniko, haizimwi, inafanya kazi siku zote kama sheria inavyotaka. Nyuma yake bomba linagawanyika njia mbili. Njia moja inaingia silansie ndogo ya pili, na haifungwi kamwe. Njia nyingine inakwenda moja kwa moja nje, na ndani yake mna kifuniko cha chuma kama sahani, kinachozunguka juu ya mti wake. Kikifungwa, moshi wote unapita silansie mbili: ndiyo sauti ya mjini na ya usiku. Kikifunguliwa, moshi mwingi unachagua njia rahisi, kama maji: ndiyo sauti ya porini mchana. Itasikika, lakini haitakuwa ile ya leo.

Kwa nini njia ya silansie ya pili isiwe na kifuniko? Moshi wa mazutu una masizi, na masizi pamoja na kutu vitakigandisha kifuniko siku moja. Kikigandia popote, lazima mota ipumue. Njia zote mbili zikiziba, mota itazimika juu ya mlima na mzigo juu. Tena vijana, sikilizeni: kile kifuniko cha breki ya moshi kilicho karibu na mota ni kitu kingine. Hicho ni cha kushukia mlima. Kukifunga nusu ili kamio inyamaze ni kuchoma mota.

Kifuniko kitakuwa na kipande cha chuma kizito kinachokivuta kifungwe. Kimya ndiyo kawaida. Anayetaka kukifungua lazima asimamishe kamio, ashuke, aweke pini. Kamio inasimama kwa vyovyote kwenye barieri ya kuingia mjini, basi pale pale msaidizi wa shofere atashuka kutoa pini. Atumie chuma kirefu, si mkono, kwa sababu bomba likipanda mlima na mzigo linaweza kupita digri 300.

Mdomo wa bomba nao una maneno. Wengine walitaka uinuliwe juu, nyuma ya kabini, usirushe vumbi. Lakini mnajua ninyi mnakaa wapi mkisafiri: juu ya mizigo. OMS, kupitia kituo chake cha kuchunguza kansa, iliuweka moshi wa mazutu mwaka 2012 kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Hatutauelekeza usoni mwenu. Ukielekezwa chini nao, utakuta majani makavu ya kiangazi, na moto wa pori tunaujua. Basi utatoka pembeni, nyuma, upande wa katikati ya barabara, usawa wa chini ya mizigo, mbali na watembea kwa miguu. Na maungio yote ya chini ya kabini yafungwe vizuri, kwa sababu moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomlaza shofere bila yeye kujua.

Kanuni tunazoomba

Kutoka jua kuzama mpaka kucha, kifuniko kifungwe, popote. Ndani ya Kamina, kifungwe, mchana na usiku. Karibu na hospitali, masomo wakati wa vipindi, na mahali pa kilio, kifungwe na mwendo upunguzwe, maana silansie haisaidii kitu kama mtu anakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Mchana, nje ya mji, katika vumbi na kona, pini inaweza kuwekwa.

Kwa mama wa muhogo, tusiache bomba lifanye kazi ya saa. Siku ya kupita iwekwe na isibadilishwe ovyo. Asubuhi kamio ikiondoka, mtu wa ofisi apige simu kwa mjumbe wa kila kijiji. Na mahali palipokubaliwa, kama kilomita moja kabla ya kijiji, shofere apige honi mara mbili. Honi ilitengenezwa kwa kuita. Mama atakayepoteza gunia kwa sababu honi haikupigwa aje aseme hapa, na jina lake liandikwe katika kitabu cha malalamiko.

Tupime kabla na baada. Simu yenye programu ya kupima kelele haisemi kweli kamili, lakini simu ileile, mahali palepale, inaonyesha tofauti. Ulaya wanasimama mita 7.5 kutoka katikati ya njia ya gari. Tangu miaka ya 1990 kamio mpya zenye nguvu nyingi hazikuruhusiwa kule kupita desibeli 80 kwa kipimo hicho. Sisi tutasimama hapohapo, tuandike namba zetu, tuzitume kwa wafadhili kama zilivyo, hata zikiwa za aibu.

Matairi kwanza

Sasa lile swali la feza. Tairi likipasuka na watu juu ya mizigo, hakuna atakayeuliza juu ya kelele. Kwa hiyo tunapendekeza hivi: feza iliyopo inunue matairi mawili, na silansie kubwa iliyotumika lakini nzima, kutoka Lubumbashi. Hiyo peke yake itawapa usingizi watu wengi. Silansie ya pili na kifuniko vingojee feza ya usafirishaji wa mavuno. Bei tulizoletewa tumezibandika mlangoni, tatu tatu, mzisome kabla ya kupiga kura. Risiti zitabandikwa palepale.

Tunajua itakuwa ngumu kumwonyesha mgeni kazi hii. Nyumba ya mabati inapigwa picha. Usiku ambao watu hawakuamka haupigwi picha. Lakini ninyi mtajua, na tutawauliza: baada ya miezi mitatu tutarudi katika vijiji vilevile, tutauliza swali moja tu, kama kamio ilipita usiku na kama mlilala.

Anayekubali ainue mkono. Anayekataa naye ainue wakati wake ukifika, bila woga, na aseme sababu yake ili iandikwe. Walioko mbali wanaweza kumpa mjumbe wao neno kabla ya mkutano ujao.